Saa ya Upande wa Mfereji

Pilau ya harusi ya shangazi yangu ndiyo iliyonifanya nijulikane mtaa mzima wa Buyenzi kuwa mtoto asiye na adabu, na sikuwa nimeiba hata kipande cha nyama. Tulikaa watoto saba kwenye sinia moja, mimi nikatia mkono wa kushoto. Bibi mmoja aliyekuwa akipita na maji ya kunawa akasimama, akamtaja Mungu, na sinia likaondolewa mbele yetu. Wale sita walinichukia mpaka Idi iliyofuata. Mwalimu wa madrasa hakunipiga. Alichukua uzi mwekundu, akanifunga mkono wa kulia, akasema, "Huu ndio wa kula. Ule mwingine utajuana nao chooni." Basi nikala kwa uzi, nikaandika kwa uzi, nikasalimia wakubwa kwa uzi. Siku uzi ulipooza na kukatika nilisimama mbele ya sahani kama mtu aliyeulizwa swali na hakimu.

Nayasema haya kwa sababu ninyi vijana mnaoendesha makamyo siku hizi mmenitaka niandike kazi ilivyokuwa, na nikianza na siku ya kwanza garajini mtadhani nilikuwa mtu wa maana. Apana. Nilikuwa mwanaume mwenye ndevu na mke, lakini ukiniambia kata kulia, kwanza nilijipapasa mikono. Bujumbura aibu hiyo haikuonekana, maana hapa mtu akikuelekeza anasema panda upande wa milima, au shuka upande wa ziwa. Milima haihami, ziwa halihami. Mutu akipotea Bujumbura amependa mwenyewe.

Siku ya kwanza nilipokelewa na Patroni mwenyewe, mwenye kampuni, mtu mfupi ambaye tumbo lake lilifika mlangoni kabla yake.

"Umesoma?"

"Mpaka mwaka wa tatu, Patroni."

"Unakunywa?"

"Apana, mi ni Mwislamu."

"Niko na Waislamu wawili hapa, wote wanakunywa. Nimeuliza weye."

"Sinywi."

"Mlima unaogopa?"

Nikafikiri niseme uongo, nikashindwa. "Naogopa."

"Basi anza leo. Asiyeogopa tulimzika."

Akanikabidhi kwa Shefu wa garaji, mtu mrefu, mkavu, ambaye katika miaka yote sikumwona akicheka isipokuwa mtu akijigonga kichwa. Shefu ndiye aliyenifundisha sheria ambayo ninyi mnaidharau kwa kuwa magari yenu ni mapya: gia uliyopandia mlima ndiyo utakayoshukia. Ukiegemea breki ya mguu kutoka Bugarama kule juu mpaka mjini, breki zinapata moto, zinanuka kama nywele zilizoungua, halafu zinakuaga. Ushuke na breki ya mota, yaani injini yenyewe ndiyo ikuzuie, na mguu uguse tu kwa heshima. "Mguu ni wa kuomba," alisema Shefu. "Mota ndiyo ya kuamuru."

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kuleta kahawa kutoka Ngozi na Kayanza. Barabara ile inapanda kutoka joto la ziwa mpaka ukungu wa Bugarama, ambapo wanawake wanauza kabichi na karoti wamejifunika mablanketi kama wagonjwa. Mlimani hukuwa peke yako kamwe. Vijana wa baiskeli walikuwa wakijishika nyuma ya kamyo ili wavutwe, watano, sita, na wenyewe walikuwa na adabu zao: aliyefika kwanza anashika katikati. Wakati wa kurudi wananipita kwa kasi na ndizi begani mwa baiskeli, wanapiga mluzi. Nilivuta watu wengi kwenye mlima ule kuliko kahawa.

Baadaye Patroni akanipa barabara ya Dar es Salaam, na hapo ndipo Mungu aliponikumbuka. Kwetu gari linapita kulia. Tanzania linapita kushoto. Siku Shefu aliponipa karatasi za safari ya kwanza aliniambia, "Ukivuka mpaka pale Kobero dunia inageuka. Na weye geuka." Nikasema ndiyo, Shefu. Usiku ule sikulala. Mwenye kujua mikono yake anaambiwa mara moja, anageuka. Mimi nigeuze nini, na hata huo wa kwanza siujui?

Nikabuni. Nilikuwa na saa ya mkono niliyopewa na baba mkwe, imekufa zamani, mishale imelala saa kumi na dakika chache. Kanuni ikawa hii: saa ikae mkono wa upande wa mfereji wa kando ya barabara. Kwetu mfereji uko huku, saa inakaa huku. Nikifika mpakani, kabla ya kuwasha mota, naihamisha mkono wa pili, na kazi yangu inabaki moja tu, kuhakikisha saa iko karibu na mfereji. Niliendesha hivyo miaka yote ya Dar na sikukwaruza hata kuku. Mke wangu, Mama Saidi, ndiye pekee aliyejua, na alinitunzia siri jinsi mke anavyotunza, yaani alinicheka nyumbani tu.

Miji ile ninaijua kwa pua kuliko kwa majina. Muyinga ni harufu ya mvua kwenye vumbi. Kahama ni mchele na pikipiki, kila mtu ana haraka na hakuna anayekuambia anakwenda wapi. Singida ni mawe makubwa yaliyowekwa kana kwamba mtu alikuwa anajenga akaitwa, na mafuta ya alizeti kwenye chupa yamepangwa kando ya njia yakiwaka juani. Dodoma walitaka kuniuzia zabibu kila niliposimama, hata niliposimama kukojoa. Morogoro niliipenda kwa kuwa ina milima, nikajua pa kugeukia. Dar sikuijua kamwe. Nilijua joto, foleni ya bandarini, na mama mmoja wa chai aliyeniambia kila safari, "Mzee wa Burundi, Kiswahili chako kimevunjika mguu." Nikamjibu kwamba kimetembea mbali, na chake hakijatoka hata kwenye kibanda kile.

Patroni alipozeeka, mwanawe akashika kampuni. Tulimwita Direkta. Alisoma nje, alivaa viatu visivyo na kamba, na alikuwa mtu mwema, jambo linalotatanisha sana kwa mkubwa. Akatangaza kwamba atasafiri na kila shoferi mzee, mmoja mmoja, mpaka Dar na kurudi, halafu ataamua nani abaki na usukani.

Nilipomwambia Mama Saidi aliacha kuchambua maharage.

"Akikutoa utashika nini? Ufagio?"

"Nitapumzika."

"Utapumzikia wapi? Hapa? Siku mbili ukiwa nyumbani unaniuliza chumvi iko wapi."

Alisema kweli. Pale nyumbani Kinama nilikuwa mgeni anayeheshimiwa. Mtu nilikuwa juu ya kamyo. Nikaondoka na Direkta.

Mpaka Kobero nilikuwa bingwa. Nilishuka, nikapanda, nikaiomba breki, nikaiamuru mota, Direkta akaandika kwenye kitabu chake na kutikisa kichwa kwa kuridhika. Tulipomaliza karatasi Kabanga, upande wa Tanzania, tukapanda kamyo, nikavua saa kuihamisha. Direkta akanyoosha mkono.

"Lete, Muzee, nikusogezee mishale. Huku wako mbele saa nzima."

Umkatalie mkubwa anayekutendea wema? Nikampa. Akaigeuza, akaitikisa, akaiweka sikioni.

"Muzee, hii saa imekufa."

"Najua, Direkta."

"Sasa unaivaa ya nini?"

"Ni ya baba mkwe."

Jibu lile lilimgusa. Akanitazama kama mtu anayemtazama yatima. "Nitaitengenezesha Dar," akasema, akaifunga ndani ya kitambaa na kuitia kwenye mkoba wake. Zipu ikalia. Nikawasha mota kama mtu aliyevuliwa nguo sokoni.

Nilitoka Kabanga, na mkono wangu ukaniambia, bwana, twende tulivyozoea. Nikaenda. Barabara ilikuwa tupu na nzuri ajabu. Kamyo zetu zina usukani wa kushoto, kwa hiyo Tanzania shoferi anakaa upande wa mfereji, haoni mbele ya gari analotaka kulipita, na lazima aliye kiti cha pili achungulie na kusema pita au ngoja. Nilikuwa nimemwandaa Direkta kwa kazi hiyo tangu Ngozi.

"Mbona huniulizi?" akasema.

"Leo naona mwenyewe, Direkta. Barabara imefunguka."

Magari mawili yakatujia yakiwasha taa. Nikawarudishia taa. Direkta akainua mkono. "Watanzania wana salamu," akasema. Lori la tatu likatoka kabisa nje ya lami kutupisha, shoferi wake amesimama nusu kwenye kiti, anapunga mikono yote miwili. "Hawa watu wana heshima kwa wageni," nikasema mimi. Naye akaandika.

Kwenye kona likatokea basi la abiria. Nilikanyaga breki bila kuomba. Tukasimama pua kwa pua, kioo chetu kikitazamana na chao, na ndani ya basi niliona akina mama wenye sare za kwaya, midomo wazi, wimbo umewaishia njiani. Yule aliyekaa mbele alikuwa na mtoto mapajani. Mtoto ndiye pekee aliyeendelea kunitazama kama kawaida.

Shoferi wa basi alitoa kichwa. "Mzee, unakwenda wapi?"

"Dar."

"Kwa upande huo hufiki hata Ngara."

Ndani ya basi alikuwamo askari wa barabarani akirudi kazini. Akashuka taratibu, akavaa kofia, akaja mlangoni kwangu.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba, afande."

"Naomba unisaidie. Hapa tulipo ni nchi gani?"

"Tanzania."

"Na upande huu wa barabara uliopo, ni wa nchi gani?"

Nikatazama lami, nikatazama mfereji. "Wa Burundi, afande."

"Sasa mzee, umeingiza barabara yenu nchini bila kuipitisha forodhani?"

Akina mama wa kwaya walicheka mpaka wengine wakashuka. Afande akaniongoza nirudi nyuma, nikahama upande, akanipa onyo refu lenye adabu, na lililoniuma kuliko tusi. Akamaliza kwa kunishika bega: "Taratibu, mzee. Nyumbani wanakusubiri."

Basi lilipopotea nyuma yetu, Direkta akauliza kulikoni. Nikamwambia yote: sinia, uzi, saa, mfereji. Nilijiambia nimekwisha, heri niseme niondoke nikiwa safi. Akasikiliza. Halafu akafungua mkoba, akafungua kitambaa, akanipa saa.

"Vaa, Muzee."

Nikavaa. Hatukuizungumzia tena, wala kule Dar hakuipeleka kwa fundi.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo wanaosimulia habari zangu mtaani wanakosea. Wanasema niliacha kazi kwa sababu ya lile basi. Basi lilinitisha, kweli, lakini lilikuwa kosa lenye sababu: sikuwa na saa. Jambo lenyewe lilitokea wakati wa kurudi, mchana kweupe, Kobero. Direkta alikuwa na karatasi kwenye dirisha la forodha. Mimi nimekaa juu ya kamyo, nikatazama mkono wangu. Saa ilikuwapo. Nikajiuliza: nimeshaihamisha, au bado?

Sikujua. Nilikaa nikiitazama ile saa nayo ikinitazama. Nikasema ningoje mwenye gari apite, nione. Akaja kijana wa baiskeli na ndizi, akapita katikati. Nikangoja tena. Direkta akarudi, akafunga mlango, akasema twende. Kwa bahati kamyo moja ya saruji ikanipita kuelekea kwetu. Nikaingia mkiani mwake, na mkia ule sikuuacha mpaka Muyinga, na kutoka Muyinga nikatafuta mkia mwingine.

"Muzee, mbona unamfuata huyu polepole hivi?"

"Namheshimu, Direkta."

Akaandika.

Ukiniuliza leo kazi yetu ni nini, sitakuambia ni mikono, wala macho. Macho yangu mpaka sasa yanaona kunguru akiwa juu ya mnara. Kazi ni kujua kitu kimoja bila kujiuliza. Mimi nilikiazima kwa uzi, nikakiazima kwa saa, na mkopeshaji alikuwa mwenye subira sana. Ninyi simu zenu zinawaambia geuka hapa, geuka pale, na mnamcheka mzee. Chekeni. Mama Saidi amekwisha kunionyesha chumvi iko wapi, na kila asubuhi anaihamisha.

Kesho yake, baada ya kufika Bujumbura, Direkta alitukusanya garajini, mashoferi wote na mafundi, na Shefu kando akiwa na makaratasi. Akafungua kitabu chake.

"Muzee anabaki," akasema. "Alikosea Kabanga, nami nilihusika. Lakini nimemtazama kutoka Kobero mpaka hapa. Kwa subira ile, kwa kumwachia mwenzake nafasi barabarani, sijaona shoferi kama yeye. Atafundisha wengine."

Wakapiga makofi. Mmoja wa mafundi akanipiga mgongoni akasema nimezeeka na bahati yangu. Nilitamani kulia, na nilitamani pia kujigonga kichwa ili Shefu acheke. Kamyo yangu ilikuwa tayari, majani ya chai ya kupeleka Dar yamefungwa turubai, mota imewashwa ipate joto. Shefu akanipa karatasi za safari. Nikazisoma kwa shida kama kawaida yangu, nikapanda, nikaziweka juu ya kiti, nikashuka.

"Unasahau nini, Muzee?" akauliza Shefu.

"Nakuja," nikasema.

"Usikawie. Mafuta yanaungua."

Mlinzi wa geti alinisalimia, nikamsalimia. Nikatoka kwa miguu, jua limepanda, watu wakienda makazini mwao, na nyuma yangu niliisikia ile mota ikiningurumia mpaka kelele za mjini zilipoifunika. Nikatembea hadi Kinama. Garajini sijakanyaga tena.