Siku Niliyomnyoa Mwadime

Afadhali msikie kwangu, maana mume wangu Mwadime ameshaisimulia habari hii kuanzia stesheni ya Voi mpaka Mwatate, na kila akiisimulia mimi nazidi kuwa mjinga na yeye anazidi kuwa shujaa aliyevumilia. Aibu ni yangu, sikatai. Lakini kama ni yangu basi niisimulie mimi, tena na hasira zangu, ambazo bado hazijaisha.

Wakati huo tulikuwa tunakaa kwenye landi, zile nyumba za wafanyakazi wa reli, hapo Voi, chumba kimoja na jiko la nje, Mwadime karani wa mizigo, na mimi na mtoto wetu wa kwanza, Mwakio, aliyekuwa ndiyo kwanza anajifunza kukaa bila kuegemezwa. Jumapili hiyo alikuwa abatizwe. Mama mkwe alikuwa anakuja Jumamosi kutoka Rukanga, na hakuwa anakuja kwa ajili ya ubatizo peke yake. Alikuwa ameshatuma neno kwamba Mwakio akiacha kunyonya atakwenda kukaa naye kule chini ya Mlima Kasigau, kama mjukuu wa kwanza anavyokaa kwa bibi yake, kwa sababu huyu mke aliyesoma (ndiyo mimi) anajua kushika kalamu lakini nyumba itamshinda. Nilifika kidato cha pili, na tangu niolewe sijaacha kuadhibiwa kwa kosa hilo. Mwadime alipoletewa neno la mama yake alisema, "Tutaona." Mwanamume akisema tutaona, jueni ameshakubali.

Nikajiapiza kwamba mama mkwe akiingia asipate hata unyoya wa kuusemea. Nikafua, nikasugua sufuria mpaka zikawa vioo, nikapiga pasi hadi nepi. Kilichobaki ni uso wa Mwadime. Alikuwa ametoka zamu za usiku wiki nzima, ndevu zimeota hovyo kama nyasi za Ndara baada ya mvua, na Mutua, kinyozi wetu, alikuwa amefunga kibanda akaenda kwao Ukambani. Kulikuwa na kinyozi mwingine karibu na stesheni, lakini Jumamosi wafanyakazi wa mkonge wote huja mjini kunyolewa, na foleni ilikuwa imeshazunguka duka la Mhindi. Ninyi mngemwacha mume wenu akapange foleni. Mimi sikumwacha.

Kwa nini? Kwa sababu ndani ya sanduku letu kulikuwa na vifaa vya kunyolea vya Mzungu mmoja aliyerudi kwao na vitu vyake vikapigwa mnada: wembe wa kukunja, brashi ya manyoya, bakuli la sabuni na mkanda wa ngozi wa kunolea. Mwadime alivinunua ili aonekane mtu, halafu akaviogopa. Na mimi nilishawahi kusoma kwenye gazeti jinsi Wazungu wanavyonyoa, kitambaa cha moto kwanza, halafu povu, halafu wembe ulale usisimame. Mtu aliyepasi jometri atashindwa na mashavu mawili?

"Unajua unachofanya?" Mwadime akaniuliza.

"Kaa kwenye stuli," nikamwambia.

Kitambaa nilikitoa moja kwa moja kwenye sufuria inayochemka, na hapo ndipo nilipogundua kwamba gazeti halikusema kikamuliwe. Aliruka akagonga kichwa kwenye rafu. Sabuni ya Mzungu ilikuwa imekauka kama jiwe, kwa hiyo nikachukua sabuni ya mche, ile ya kufulia, nikaipiga na brashi mpaka povu likasimama zuri, jeupe, na linawasha kama pilipili, hilo nililijua baadaye kwa macho yake. Wembe niliunoa kwenye mkanda na kidogo niukate mkanda wenyewe. Lakini shavu la kwanza, jamani, lilitoka laini kama yai! Nikajisifu kwa sauti. Nikapanda na wembe kuelekea sikioni ili nimalizie kwa madaha, na Mwakio akapiga ukelele kitandani.

Mama yeyote ananielewa. Mtoto akilia, mwili unageuka wenyewe kabla akili haijatoa ruhusa. Niligeuka na wembe ukageuka na mimi, ukafungua barabara kutoka sikio la Mwadime mpaka karibu na utosi.

Sikumwambia. Nilimbeba mtoto, nikampeleka mlangoni kwa Mama Achieng, jirani yetu Mjaluo (mumewe ni fundi wa injini), nikamwomba akae naye kidogo, kisha nikarudi nisawazishe. Nikanyoa upande wa pili ulingane na wa kwanza, upande wa pili ukazidi, nikarudi wa kwanza, nao ukazidi, mpaka katikati kikabaki kishungi kama cha kuku. Nikakinyoa. Masharubu nayo yalikuwa yamebaki nusu, nikayanyoa. Alipokuwa anatoka damu hapa na pale na sina shabu ya kinyozi, nikampaka chumvi. Ile sauti aliyoitoa watu waliisikia mpaka kwenye mfereji.

Sasa, kwa yule asiyetujua: kwetu Taita mtu mzima akionekana ghafla amenyolewa kipara kisafi, uso mtupu, watu hawaulizi kama nywele zilikuwa na chawa. Wanajua kuna msiba. Mimi nalijua hilo tangu utotoni, lakini nilikuwa nimeinama naokota nywele na kutafuta la kumwambia mama mkwe, sikulikumbuka kabisa. Nikamwacha Mwadime amekaa kizingitini akipunga hewa, kipara kinang'aa, macho mekundu, machozi ya sabuni yanamtiririka, nikaenda mfereji wa nyuma kufua taulo. Foleni ya maji ilikuwa ndefu. Nikakawia.

Haya yaliyofuata nimeyaunganisha kutoka kwa waliokuwepo. Mama Achieng, ambaye hata kwao mfiwa hunyolewa, alichungulia, akamwona Mwadime, akakumbuka kwamba mama mkwe alikuwa anangojwa tangu asubuhi na lori la Kasigau halijafika. Akajumlisha. Akaenda akawaambia wanawake wa landi kwamba mama yake Mwadime amekufa njiani. Wakaja na sukari, na kuni, na majani ya chai, wakavua viatu wakakaa chini kwenye mkeka wangu niliousafisha, wakimpa pole mmoja mmoja, na yeye mpumbavu alidhani wanamhurumia kwa jinsi mke wake alivyomfanya, kwa hiyo akawa anaitikia kwa huzuni kabisa, "Asanteni. Nitazoea."

Na hapo marehemu akashuka kwenye lori.

Mama mkwe aliingia mwekundu kwa vumbi kuanzia kitambaa cha kichwa hadi miguu, kuku kwapani, ndizi kichwani. Wanawake wakamwona, wakasogeleana mkekani. Mama Achieng alishika msalaba wake. Mama mkwe akamtazama mwanawe na kipara chake. Akawatazama wanawake walioketi chini. Akatazama kitanda, kitupu.

"Mtoto yuko wapi?"

Hakuna aliyemjibu. Nani atamjibu mzimu? Na huo ukimya ndio uliomwambia jibu. Kuku alianguka, ndizi zikaanguka, na bibi yule akapiga yowe ambalo mimi nililisikia kule mferejini nikaacha taulo, ndoo na foleni, nikakimbia.

Nilipofika nilimkuta amelala chini anaita jina la Mwakio. Sitasahau. Nilikwenda kwa Mama Achieng nikamtoa Mwakio usingizini nikamweka mikononi mwa bibi yake, naye akamshikashika kila kidole, kila sikio, huku mtoto akijaribu kukila kitambaa chake cha kichwa. Kisha nikaeleza yote, sabuni, chumvi, kishungi, na wanawake wakaanza kucheka, mmoja akachukua sukari yake akaondoka nayo.

Mama mkwe hakucheka. Alisema, "Nimemlilia mtoto mzima. Na mimi nimeliliwa mzima. Hili haliachwi hivi."

Akaagiza maji kwenye kibuyu. Kwetu tunaamini kwamba hasira ya mtu wa ukoo ikikaa moyoni, anayeugua ni mtoto. Dawa yake ni kutasa: unatia maji kinywani, unayapuliza nje, na hasira unaitoa pamoja nayo, ukiitaja waziwazi. (Wakristo tunatasa pia. Mchungaji hatumwambii.) Akatasa yeye, akasema hasira aliyokuwa nayo na mke wa mwanawe asiyemtembelea ameitoa. Akanipa kibuyu.

Kwa woga nikameza maji. Akanijazia tena. Nikapuliza, yakampata Mwadime kwenye vidonda, na kabla sijajizuia nikasema, "Mama, mimi nina hasira kwa sababu unakuja kuninyang'anya mtoto wangu. Na huyu mwanao hana mdomo wa kukuambia hapana. Mtoto nitamlea mwenyewe, hata nikikosea."

Mama mkwe akamtazama mwanawe, kile kipara, ile chumvi.

"Huyu nilimpeleka kwa bibi yake alipoacha kunyonya," akasema. "Mimi sikutaka, lakini nani alinipa kibuyu? Na mtazame. Mtu mzima ananyolewa kama kondoo na anasema asante." Akaninyooshea mtoto. "Kaa naye."

Nililia, na mimi silii ovyo. Nikachinja yule kuku.

Jumapili tulikaa benchi la mbele. Habari za msiba zilikuwa zimemfikia mchungaji, habari za kunyoa bado, kwa hiyo kabla ya ubatizo akatuomba tusimame dakika moja kumkumbuka mama yake karani Mwadime. Kanisa zima likasimama. Mama mkwe naye akasimama, Mwakio begani.

"Mchungaji," akasema, "marehemu ni mimi. Tafadhali batiza mtoto, lori langu linaondoka."

Tangu siku hiyo sijashika wembe na sitashika. Mwadime na apange foleni hata ndevu zikifika kwenye mkanda wa suruali. Na ninyi mlio na jambo na mama mkwe, lisemeni mapema, mkiwa bado mna waume wenye nywele.