Upepo Niliourudisha kwenye Matairi

Hili la mwaloni naona aibu kulisimulia hata leo, ila ninyi mnaoniita "Sahara" kila nikipita mtaa wa Kashai hamjui hata nusu yake, kwa hiyo afadhali mlisikie kutoka kwangu kuliko kwa wachuuzi wa dagaa, ambao wao wanalisimulia kwa vitendo, wakipiga magoti na kunguruma kama gari.

Lazima nianze na Bi Zulfa, maana bila yeye hakuna mkasa. Bi Zulfa ni mtoto wa Bukoba mjini, wa familia ya Kiislamu ya hapa hapa kwetu, aliolewa na fundi magari wa Moroko akahamia huko, na badala ya kukaa tu kusubiri mume arudi kutoka gereji alijifunza kuendesha magari ya porini mpaka akawa kiongozi wa misafara, ile ya wageni wanaovuka milima ya Atlasi kwa magari, wakashuka hadi jangwani, wakalala kwenye mahema siku nyingi bila kuona duka wala bomba la maji, na anayewatangulia kusema hapa tupite, pale tusipite, ni huyu mama wa kwetu mwenye hijabu na miwani ya jua. Mumewe alipofariki alirudi kumtunza mama yake, akaanzisha misafara ya namna hiyo hapa Kagera, na mimi akanichukua niwe dereva wake.

Jamani, yule mama anajua! Akikaa jioni na kikombe chake cha chai (anaimimina kutoka juu kabisa, povu linajaa, na tone halimwagiki) akaanza kueleza jinsi kilima cha mchanga kinavyokuwa laini upande mmoja na kigumu upande wa pili, jinsi walivyojifungia kwenye magari kutwa nzima upepo ukiwasugulia rangi, jinsi alivyoteremsha magari yote kwenye njia ya mlimani iliyobomoka, moja moja, yeye akitembea kinyumenyume mbele ya kila gari akimwonyesha dereva kwa mikono, mimi nilikuwa nasahau hata kula. Sikuwa nataka kuwa tajiri wala mbunge. Nilitaka siku moja niendeshe gari nyuma ya yule mama kwenye mchanga wa Sahara, basi.

Na nafasi ikaja. Wenzake wa kule walimwomba arudi awaongozee msimu mmoja, wakamwambia achague dereva mmoja wa kuja naye. Tulikuwa wawili, mimi na Adventina, binti wa Kihaya kutoka Rubya mwenye maneno machache na mguu mwepesi kwenye klachi. Bi Zulfa akasema ataamua baada ya safari ya Muleba, tulipokuwa na wageni wanne, watu waliowahi kusafiri naye jangwani wakataka waone na nyumbani kwake. Mimi sikungoja aamue. Nilishampigia baba simu kwamba naenda Sahara, naye baba, anavyonipenda, alishawatangazia watu kijijini kwetu, Kishanda nzima, baada ya misa, mkono mmoja kifuani. (Wahaya tunasemwa kwa majivuno. Tunaonewa, lakini si sana.)

Siku yenyewe tukaondoka Bukoba na magari matatu: Bi Zulfa mbele, Adventina katikati na wageni, mimi mkia, nikiwa nimebeba mahema, majiko na chakula chote. Tukapita kwenye rweya, yale majani ya wazi kati ya kijiji na kijiji, tukapanda na kushuka vilima ambavyo gari dogo lingelia, na kila mahali sauti ya Bi Zulfa kwenye redio, taratibu, "Kushoto kidogo, mwanangu, kuna shimo limejificha." Alasiri tukafika juu ya ufuko wa ziwa, ambapo tulitakiwa kupita kwenye mchanga, kukatiza mwaloni wanakoshushia samaki, mpaka kwenye kambi upande wa pili.

Hapo Bi Zulfa akasimamisha msafara. "Tuteremke, tutoe upepo. Matairi yalegee, yakae kwenye mchanga kama chapati." Wote tukatoa upepo, nami nikatoa, tairi zote zikalegea. Kisha akavua viatu akaenda kuukanyaga mchanga kwa miguu, kama anavyofanya siku zote, Adventina na wageni wakimfuata.

Na mimi nikabaki nimeyatazama matairi yangu.

Sasa nielewe vizuri, wewe unayecheka. Nilishamwambia baba ateremke kutoka Kishanda kwa bodaboda aje mwaloni anione nikipita. Na kwetu, gari lenye tairi zilizolegea ni gari la mtu aliyeishiwa. Ukipita nalo watu hawasemi "huyo anakwenda mchangani", wanasema "masikini, hata pampu hana". Nikajiwazia baba, ameshatangaza Sahara, halafu mwanawe anatokea na gari limechuchumaa kama kuku anayetaga. Roho ikakataa. Nikachomoa pampu ya umeme, nikazungukia upande ambao hawanioni, nikarudisha upepo kwenye matairi yote manne mpaka yakasimama dede, na nikapata hata muda wa kuyafuta vumbi.

Bi Zulfa akarudi nao, tukaondoka. Gari lake likateleza juu ya mchanga kama linaelea. La Adventina likafuata alama zake. Mimi nikaona watu mwaloni wamejipanga, nikamwona baba ndani ya kanzu nyeupe na koti jeusi, kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna mkononi kwa ajili ya wageni, nikapiga honi. Nikapunga mkono. Na gari likazama.

Si kuzama kwa ghafla. Liliguna tu, likapunguza mwendo, likasimama sawasawa mbele ya baba, kana kwamba nimeegesha. Mtu mwenye akili angezima injini pale pale (Bi Zulfa alitufundisha hilo kabla hajatufundisha kitu kingine chochote). Lakini watu walikuwa wanapiga makofi, wanadhani nimesimama kuwasalimia! Nikakanyaga mafuta. Magurudumu yakazunguka, mchanga ukaruka nyuma kama mvua, na nyuma yangu, ndugu zangu, ndiko dagaa walikokuwa wameanikwa kwenye nyavu.

"Wewe dereva!" Hiyo ilikuwa sauti ya Mama Nyangeta, mchuuzi anayeleta dagaa kutoka visiwani, na sauti yake inavuka maji bila mtumbwi. "Simama! Umenifukia dagaa! Nitauza mchanga mimi?"

Nikakanyaga tena. Gari likashuka mpaka tumbo likalala chini. Sasa lilikuwa limechuchumaa kweli.

Baba akaja dirishani, kanzu imeingia mchanga mpaka magotini. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniumiza. Aliniuliza kwa Kihaya, kwa sauti ya chini ili watu wasisikie, "Mwana wange, mbona wale wawili wamepita?"

Hapo ndipo ningesema kweli. Badala yake nikajibu, kwa Kihaya vilevile, "Tata, ni huyu mama. Ndiye aliyeniambia nijaze upepo. Amezoea mchanga wa Waarabu, huu wa kina sisi haujui. Mimi nilimkatalia, lakini ndiye bosi, nifanyeje?"

Baba akatikisa kichwa kwa huruma. "Pole. Kufanya kazi na mtu asiyejua ni mateso."

"Tata, we acha tu."

Muda huo Bi Zulfa alikuwa anarudi kwa miguu, bila viatu, redio yake ndogo ikining'inia kiunoni. Nikashuka haraka. Kwanza alimwamkia baba kwa Kihaya kizuri kuliko changu, akitia "waitu" ya heshima kila baada ya neno, akapokea kahawa kwa mikono miwili, akaitafuna. Akamwomba radhi Mama Nyangeta. Ndipo akainama, akabonyeza tairi kwa kidole gumba, akanyanyuka polepole.

"Nova, nani amejaza upepo?"

Aliniuliza kwa upole kabisa, kama mtu anayekufungulia mlango. Nami nikasema, "Hata mimi nashangaa, Bi Zulfa. Labda ni jua. Upepo ukipata joto si unatanuka?"

Alinitazama. Akaingiza mkono ndani ya gari langu, kwenye upenyo kati ya kiti na boksi la vyombo, akachomoa kidude cha kuongelea cha redio yangu, ambacho kilianguka humo nilipokuwa napunga mkono na kitufe chake kikabanwa muda wote huo. Alipokiachia tu, sauti ya Adventina ikapasuka kwenye spika, watu wote wakasikia: "...Mama, nimewatafsiria wageni yote, ila wanauliza, mchanga wa Waarabu na mchanga wa kina Nova unatofautiana nini?"

Mwalo mzima ulikufa kwa kicheko. Mama Nyangeta alikaa chini. Baba hakucheka. Alishika kikapu chake kwa mikono yote miwili, akatazama ziwa.

Na sasa nieleze nilichokiona, maana pamoja na aibu yote sijawahi kuona kazi nzuri kama ile. Bi Zulfa hakupiga kelele wala hakutaka watu wengi wasukume. Alipiga magoti kwenye kila tairi, akatoa upepo huku ameinamisha sikio anasikiliza, akachimba mbele ya magurudumu kwa chepe, mteremko mrefu wa pole, si shimo, akalaza vibao vya kukanyagia magurudumu yasizame, akampanga kila mtu mahali pake kama mama anayepanga watoto kwa ajili ya picha. Akaingia, akasema "Bismillahi", na lile gari zito la mahema na majiko likainuka kwenye mchanga bila kunguruma, likatoka, likaenda mpaka kwenye ardhi ngumu. Wanawake wa dagaa wakapiga vigelegele. Na mimi nilipiga makofi, wallahi, nilijisahau kabisa kwamba aliyekwama ni mimi.

Gari akaliendesha mwenyewe hadi kambini. Mimi nilibaki na Mama Nyangeta nikipepeta dagaa mpaka jua likazama, na baba, na kanzu yake ya sikukuu, alikuja akachuchumaa upande wa pili wa wavu akapepeta na mimi.

Nilipofika kambini Bi Zulfa alinimiminia chai kama kawaida, kutoka juu. "Mchanga ningekufundisha, Nova," akasema. "Kule nikiwa mbele siwezi kukuona. Ninachokuwa nacho ni maneno yako tu kwenye redio. Nitakwenda na Adventina."

Nilikunywa ile chai, sikujua ninakunywa nini.

Walipoondoka niliwasindikiza uwanja wa ndege, nikabeba mabegi yao, nikacheka kuliko ilivyotakiwa. Huko Kishanda baba hakunitungia uongo. Kila aliyemuuliza alijibiwa, "Hakwenda. Alimsingizia mtu," akaendelea na shughuli zake.

Halafu juzi juzi Bi Zulfa akanitumia ujumbe wa sauti. Upepo ulikuwa mwingi, nikausikiliza nimesimama barabarani nikiwa nimeziba sikio moja. Akanisalimia, akaulizia afya ya baba, akasema, "Adventina amezama siku ya kwanza tu. Amezama vibaya kuliko wewe, mchanga umefika milangoni. Akabonyeza redio akasema, 'Mama, kosa langu.' Basi tukacheka, tukachimba, tukanywa chai, tukaendelea na safari."

Nimeusikiliza tena na tena. Kosa langu. Maneno mawili tu, ndugu zangu, na nafasi ya kuyasema nilipewa mara mbili, mara ya kwanza na baba yangu, mara ya pili na yeye, nikamtupia lawama mwanamke ambaye ningemfuata hadi mwisho wa jangwa. Siku hizi nikikosea nasema hapo hapo, kabla hata sijaulizwa, mpaka mke wangu ananiambia nimezidisha, vingine avigundue mwenyewe. Sijali. Msimu ujao wakimwita tena, Bi Zulfa atahitaji dereva, na nimeshamwambia baba asimtangazie mtu.