Jogoo Aliyewika Kabla ya Jumapili

Mara ya kwanza alipojaribu kuwika, sauti yake ilifanana na bawaba ya mlango wa choo chetu. Alipanda juu ya kinu, akanyoosha shingo, akafumba macho kama padri anayeanza misa, akatoa mkwaruzo mmoja, kisha akanyamaza. Mitetea waliokuwa wakichakura pale chini hawakuinua hata kichwa.

Mjomba ndiye aliyemleta kutoka kijijini kwake Maposeni, ndani ya tenga, akiwa na manyoya ya kuhesabika. Siku zilezile na mimi nilirudi nyumbani Mjimwema kutoka chuo kikuu, nikiwa na shahada ya sosiolojia na hamu ya kuajiriwa na serikali. Serikali wakati huo ilikuwa inapunguza watu. Kwa hiyo tukakaa uani, mimi na kuku, tukingoja kuonekana wakubwa.

"Jogoo wa shamba hawiki mjini," baba alisema kila kuku alipojaribu. Baba alikuwa mwalimu mstaafu, na methali alizitoa kama chaki. Tatizo ni kwamba alipoisema hiyo alinitazama mimi. Nilijiuliza maana yake kutwa nzima. Mimi nimezaliwa mjini, basi methali hainihusu. Lakini kama hainihusu, kwa nini alinitazama? Labda alikuwa anatazama ukuta. Nikaenda kuutazama ukuta. Haukuwa na kitu.

Mama yeye alikuwa na sheria yake. "Hatuchinji mtoto," alisema. "Ila akiwika vizuri, hata mara moja, amekua. Na akishakua, sufuria inamjua." Tena mjomba angekuja Jumapili kula chakula cha mchana.

Hapo ndipo nilipoanza kumwombea kuku asifaulu. Si kwa huruma tu. Kwetu firigisi huliwa na baba, au na mgeni wa kiume akiwepo. Watoto hawapewi, na wanawake hawapewi. Mimi nilihesabiwa katika makundi yote mawili. Nimevaa joho, nimepigwa picha na cheti, na bado kila kuku akipikwa napewa kibawa, kile nilichokuwa napewa nikiwa darasa la pili. Sikuwa na nguvu ya kuiona firigisi ikinipita tena mezani, tena mbele ya mjomba.

Nikamfuata kuku nyuma ya jiko, nikachuchumaa. Nikamweleza kwamba hakuna haja ya kumthibitishia mtu yeyote chochote, na kwamba ukubwa ni jambo la ndani.

"Unaongea na nani huko?" mama aliuliza kutoka jikoni.

"Na kuku, mama."

"Anakujibu?"

"Bado."

"Akikujibu uniambie, niinjike maji."

Alijibu Jumamosi asubuhi. Alipanda juu ya kinu kilekile, akakita kucha, akawika kuanzia mwanzo hadi mwisho, na mkia wa sauti ukabaki hewani hadi kwa majirani. Mitetea wakageuka. Alishuka akitembea kama diwani. Mama akatoka akifuta mikono kwenye kanga, akamwangalia kwa upole kabisa.

"Hongera, baba," akamwambia kuku. Kisha akaniambia mimi, "Katafute kisu."

Jumapili mjomba alikaa karibu na baba, mimi nikakaa karibu na mlango. Mama akaweka firigisi juu ya ugali wa mgeni, na kibawa kwangu. Nikakiangalia kile kibawa. Jana asubuhi kilikuwa kinapigwapigwa juu ya kinu kwa majivuno, na leo tuko naye hapa, yeye amekua na mimi bado.

Mjomba akanawa, akaichukua firigisi kwa vidole, akanyoosha mkono na kuiweka kwenye sahani yangu.

Baba akakohoa. "Shemeji, hiyo ni ya mwanamume."

"Ni ya mtu mwenye kazi," mjomba akasema. "Kesho naondoka naye. Wanunuzi wa mahindi wametujaa Maposeni kama kumbikumbi, kila mmoja na mizani yake, na kila mizani ina dini yake. Tunataka mtu wetu asimame pale asome."

"Mjomba, mimi nimesoma sosiolojia."

"Kwenye namba hamkufika?"

Mama akacheka hadi akaweka tonge chini. Mimi nilikuwa nimeota ofisi yenye feni, na sasa nilipewa jua, vumbi na mizani. Nikikataa, nitairudisha firigisi, na kibawa kitakuwa changu hadi nizeeke. Nikaitia mdomoni. Ilikuwa ngumu kama soli. Nilitafuna muda mrefu, nikipima hoja za pande zote, na ikateleza kooni kabla sijafikia uamuzi.

"Basi," mjomba akasema. "Jogoo akiwika tu, tunaondoka."

Jumatatu hakuna aliyewika. Nilishtuka mama akinivuta shuka kama enzi za shule ya msingi, na jua limeshaingia dirishani. Nje mjomba alikuwa anapiga kengele ya baiskeli.

"Dada, nyumba hii haina jogoo?"

"Yumo," mama akamjibu. "Anatafuta viatu."