Wajane Mia Moja wa Mzee Nzunda

Aibu hii ningeizika pamoja na marehemu, lakini Tunduma nzima inaisimulia vibaya, afadhali niisimulie mwenyewe. Tuko makaburini Chapwa, kijana mkubwa wa Mzee Nzunda kasimama na karatasi niliyoichapa mimi, anasoma wasifu wa baba yake kwa majonzi, mara anasema, "Marehemu alipenda mia moja wajane wa kanisa letu." Akaisogeza karatasi karibu na macho. Akarudia, kana kwamba karatasi itajirekebisha. Wajane wenyewe walikuwa mbele na vitenge vyao vya sare, wakaanza kutazamana (nadhani kila mmoja akijiuliza kama yumo), na huko nyuma mtu akasema, "Loo! Kumbe mzee alikuwa na nguvu." Msiba mzima ukacheka. Mama Nzunda, mke wa marehemu, hakucheka.

Chanzo ni Silwimba. Huyu bwana alitoka Nanyala hana hata kalamu, mimi ndiye niliyemwonyesha pa kuwashia kompyuta, enzi zile za kompyuta zenye kisogo kikubwa, na leo steshenari yake imejaa watu hadi nje, hata Wazambia wa ng'ambo ya mpaka wanapita mlangoni pa steshenari yangu, nikiwakaribisha wananijibu, "Ata mukwai, hapana bwana, tunaenda kwa Silwimba," wakati mimi nina feni na yeye hana! Siri yake ilikuwa programu moja ya kupangia kurasa, ndani yake kapandikiza kijiprogramu, ukikilisha maneno ya wasifu chenyewe kinayapanga safu mbili, kinaweka picha, kinazungushia maua, utadhani kitabu. Mimi nilikuwa bado nabandika picha kwa gundi. Nisione wivu, nina moyo wa jiwe?

Basi Mzee Nzunda alipofariki, Mama Kibona, mwenyekiti wa akina mama kanisani, akanijia. "Baba Neema, safari hii tunakupa wewe. Ukitufurahisha, kazi zote za kanisa ni zako. Usituaibishe."

Nikameza kiburi, nikaenda kwa Silwimba kuomba kile kijiprogramu, na (hapa ndipo nilipotakiwa kushtuka) akanipa! Tena anatabasamu. "Chukua kaka, mimi na wewe ni ndugu." Nimeshika flashi natoka, akaniita nikiwa mlangoni.

"Kaka, humo kuna alama nyingine ni za mashine, ukiziandika hivi hivi..."

"Silwimba," nikamkatiza, "tangu lini mwanafunzi akamfundisha mwalimu?"

Wateja wakacheka, nikaondoka kifua mbele.

Sasa familia ilikuwa imeandika kwamba marehemu alipenda 100% familia yake, pia alisaidia wajane wa kanisa letu. (Hiyo 100% aliing'ang'ania Mama Nzunda, mimi nilimwambia "sana" inatosha.) Kumbe kwenye programu ile alama ya asilimia ni amri: kuanzia hapa hadi mwisho wa mstari, usichape kitu. Ukitaka itoke kama alama, lazima uitangulizie kijistari kilicholalia nyuma. Mimi wa darasa la saba nitajuaje? Mashine ikaimeza familia yote pamoja na ile "pia alisaidia", ikaiunganisha ile 100 na mstari wa chini, ambao bahati mbaya ulianza na wajane. Mimi nilikagua maua tu, na maua yalikuwa mazuri.

Baada ya mazishi Mama Nzunda akanijia na karatasi mkononi, wala hakupandisha sauti. "Baba Neema, mimi na wanangu tuko wapi humu?" Nikaigeuza ile karatasi, labda wako nyuma. Nyuma yake nikamwona Silwimba ameinama, eti anafunga kamba za viatu. Viatu vyenyewe havikuwa na kamba.

Kazi za kanisa sasa zote ni zake, hadi tiketi za kwaya, na Mama Kibona akiniona anavuka barabara. Mimi asilimia siandiki tena, hata mteja akilia.

Lakini Silwimba, nakuuliza mbele ya watu wote, ujibu. Siku ile mlangoni, ulipoona sikusikilizi, mbona hukuniambia tena? Mimi kukuonyesha tu pa kuwashia kompyuta nilirudia asubuhi nzima, na wewe ulikuwa mbishi kuliko mimi!