Nilinyamaza Bibi wa Watu Akaitwa Mchawi kwa Mchicha Wangu

Mimi ndiye niliyekosa, siyo yeye. Naanza na hilo kwa sababu nikizunguka nitaishia kujitetea, na kujitetea nimejitetea miaka yote hii mpaka nimechoka.

Ilikuwa wakati wa ruksa, biashara ilipofunguliwa na wanunuzi binafsi wa pamba wakaanza kumiminika Bariadi. Mume wangu akapata kazi ya kupima pamba kwa mmoja wao. Tukahama kutoka Lalago kwenda Bariadi mjini, tukapewa na huyo mnunuzi vyumba viwili juu ghorofani. Ghorofa, jamani! Mimi niliyekulia nyuma ya ng'ombe! Siku ya kwanza kupanda zile ngazi nilijiona nimefika.

Ila mtu wa shamba kununua mboga kila siku ni aibu. Nikaamua kupanda mchicha kibarazani, kwenye madebe ya mafuta na beseni lililopasuka. Loo, mkulima gani mimi! Nilijaza udongo mweusi wa mbugani, sikutoboa hata tundu moja, nikawa namwaga maji asubuhi na jioni. Mbegu zikaoza. Nikapanda tena, zikaoza tena.

Aliyeniokoa ni Bibi Nkwimba, mama yake dereva wa lori aliyekaa chini yetu. Alipanda ngazi polepole, akachungulia madebe yangu, akacheka mpaka akakaa chini.

"Mayu, mama yangu, hata wewe ukikalishwa kwenye maji wiki nzima utaoza."

Akagonga matundu kwa msumari, akachanganya mchanga na samadi. Mchicha ukaota, ukaota kwelikweli! Wapangaji wakawa wanakuja kuutazama na kunisifu. Nami kichwa kikavimba, nikawaahidi mboga nyumba hadi nyumba.

Kisha wakaja wadudu. Bibi akasema tunyunyize majivu na kuwaokota kwa mkono. Kila alfajiri alikuja na kikopo chake cha majivu, akinyunyiza huku akiimba kwa sauti ya chini, kama wanavyoimba wazee wetu wakiwa kazini. Lakini majani yaliendelea kutobolewa, na mimi subira sina. Wale niliowaahidi watanionaje?

Enzi za ushirika dawa ya pamba aliileta bwana shamba, na alitukaripia tukiishika ovyo. Sasa ilikuwa inauzwa dukani tu, kwenye chupa ya soda, haina karatasi wala maelezo. Nikanunua. Nikajiambia dawa ni dawa, kwetu tumeipuliza miaka yote na hatukufa. Mjinga mimi! Pamba inaliwa na nani?

Nilichovya ufagio nikarashia madebe yote. Wadudu chali! Kesho yake nikachuma fungu la kwanza, nikampelekea Mama Limi, jirani wa mlango wa pili. Sisi siku hiyo tulialikwa kwa shemeji, hatukupika.

Jioni nikasikia mayowe. Limi, binti wa miaka minne, alikuwa anatapika, mate yanamtoka mdomoni, mwili unatetemeka. Tulimkimbiza hospitali, mimi mwenyewe nikiwa nimemshika miguu.

Daktari akauliza, "Amekula nini huyu?"

"Ugali na mchicha," Mama Limi akasema.

"Huo mchicha umepigwa dawa?"

Wote wakanigeukia. Ndugu msomaji, hapo ndipo nilipojimaliza. Nilisema, "Hapana, daktari. Hatutumii dawa. Ni majivu tu."

"Majivu gani?" Mama Limi akauliza.

"Ya Bibi Nkwimba."

Daktari hakuniamini, alimtibu mtoto kama aliyekula sumu, na Mungu akamrudisha. Lakini Mama Limi aliniamini! Tulipofika nyumbani, ghorofa zima lilikuwa linasimulia majivu ya alfajiri, na nyimbo ambazo hakuna aliyezielewa, na macho ya bibi yalivyo mekundu. Macho mekundu ya moshi wa kupikia! Ni bibi gani kwetu hana?

Wapangaji wakakaa kikao uani. Mama Limi akasema, "Ama atoke yeye ama tutoke sisi." Bibi alisimama katikati akiuliza, "Nimefanya nini, wanangu?" Nilikuwa na neno moja tu la kusema. Nikaliacha kooni. Niliogopa polisi, niliogopa mume wangu kufukuzwa kazi, niliogopa Mama Limi. Sikumwogopa Mungu.

Mwanawe alimpakia kwenye lori akampeleka Migato kwa dada yake. Bibi aliinua macho kibarazani kwangu kuniaga. Nikaingia ndani.

Sikupanda tena hata kitunguu. Mchicha ukiwekwa mezani naondoka. Mume wangu alidhani ni mimba!

Baada ya miaka mingi nikafunga safari ya Migato. Nilimkuta amekaa peke yake mlangoni. Nikapiga magoti, nikamwambia yote, chupa, ufagio, hospitali.

"Unajua hapa habari ilinifuata?" akasema. "Wajukuu wa dada yangu nikiwabeba, mama zao wanakuja kuwachukua. Wanasema wanakwenda kuwaogesha."

Nililia. Nikamwomba anisamehe.

"Mayu, mimi usiniambie. Mimi tangu siku ile najua sikufanya. Nenda ukawaambie wale."

Wale! Nitawapata wapi? Yule mnunuzi wa pamba alishafunga biashara, wapangaji wametawanyika, mmoja nasikia yuko Malampaka, wengine Mwanza. Mama Limi sijui hata kama yu hai. Ndiyo maana nimekuja hapa gazetini, labda mmoja wao anasoma.

Wewe unayelima kwenye madebe yako mjini, dawa usiyoijua usiiguse. Na kama umekosa, sema siku hiyohiyo, watu wakiwa bado wamesimama mbele yako. Kesho watakuwa wametawanyika na uongo wako wanao.

Nimemwomba mhariri alifiche jina langu, maana uoga haujaniisha. La kwake aliache lilivyo. Anaitwa Nkwimba, wa Migato. Hakumroga mtu. Mpeni watoto awabebe.