Maji Yaliyovuka Korongo

Shule mimi niliishia darasa la pili, wala sioni haya kusema. Kihamba, yaani shamba la ukoo la migomba, pia sikurithi. Mzee wangu aliwagawia kaka zangu, mimi nikaambiwa nikatafute. Nikatafuta. Nilibeba magunia ya kahawa mjini Moshi, nikajifunza uashi kwa kuwatazama mafundi, na miaka ile ya Ujamaa kijiji kikanipa kipande cha ukingoni ambacho wengine walikikataa kwa ukavu. Migomba niliyopanda ilisimama kama wagonjwa. Mke wangu alisema kama haipati maji kabla kiangazi hakijakolea, turudi mjini tukapange chumba. Mimi kurudi mjini nilikataa.

Maji kwetu yanakuja kwa mfongo, yaani mfereji unaoyatoa mtoni huko juu msituni na kuyaleta vihambani. Ule wetu walichimba mababu. Mwaka ule masika yalikuwa yamebomoa gogo lililovusha maji juu ya korongo, na tangu hapo mfongo ulikuwa mkavu mpaka chini. Nilikwenda kwa mkuu wa mfongo, mzee mwembamba mwenye sauti kubwa.

"Shikamoo, meku," nikamwamkia, kama tunavyowaita wazee kwetu.

"Marahaba. Najua unachotaka. Zamu ya maji huna. Panda na sisi tukatengeneze, utapata. Ukibaki nyumbani, kamwombe Mungu mvua."

Mimi nikaona tujenge daraja la saruji. Nikashuka mpaka Bomang'ombe, nikarudi mikono mitupu. Saruji siku zile ilikuwa ya kusikia tu. Ikabaki gogo. Lakini msitu ulikuwa wa serikali, na shoka haliingii bila ruhusa ya bwana misitu, kijana mkali aliyetoka kusini.

Kwetu, ukiwa na ombi zito kwa mtu, unampelekea isale, ule mmea wa majani marefu tunaopanda mipakani. Akilipokea, amekubali. Karatasi haihitajiki. Basi wazee wakambebea isale na shina lake. Kijana akalipokea kwa mikono miwili.

"Asanteni sana, wazee wangu. Nitalipanda mbele ya ofisi."

Mkuu wa mfongo akatugeukia akitabasamu. "Limekwisha hilo. Kanoeni shoka."

Tukapanda. Mimi nilizaliwa chini ya mlima huu, lakini sikuwahi kufika kule ndani. Miti ina ndevu za ukungu, baridi inaingia mpaka kwenye meno, na mto unausikia pande zote bila kuuona. Halafu njia ikatokea kwenye genge, na hapo nikasimama. Mfongo ulipita ubavuni mwa mwamba, umechongwa kwenye jiwe lenyewe, chini yake shimo tupu. Ukiutazama kwa mbali ungeapa kwamba maji yake hupanda mlima. Nikatoa pimamaji langu la kupimia usawa kwenye mfuko wa kazi, nikaliweka kwenye ukingo. Kiputo chake kiliegemea upande wa juu kidogo tu, nywele moja. Hivyo hivyo mwamba mzima. Mababu waliochonga pale hawakuwahi kuona pimamaji. Mimi niliyejiita fundi nikalirudisha mfukoni.

Ng'ambo ya genge tukakuta mti wa kafuri umeangushwa na upepo. Tukaanza kuuchonga uwe mfereji. Bado tunachonga, bwana misitu akatokea akihema.

"Nani kawaruhusu?"

"Wewe," mkuu wa mfongo akasema bila kuinua kichwa.

"Mimi? Lini?"

"Isale ulipokea kwa mikono miwili. Hawa wote mashahidi."

"Lile ua?"

"Sikieni jamani, eti ua! Basi tumwite bwana maua."

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Alisema atachukua shoka zote na sisi wenyewe tutashuka naye kituoni. Nikaiona migomba yangu imelala.

"Bwana misitu," nikasema, "mimi hapa hata zamu sina. Lakini nenda katazame mizizi. Huu mti haukuguswa na shoka."

Akaenda. Mizizi ilikuwa imeng'oka na udongo wake, nayo kuvu imeota juu. Akatembea hadi ukingoni, akauona mfongo kwenye mwamba. Akavua kofia.

"Walijishikilia wapi?"

"Kamba," mzee akasema. "Na wengine walianguka."

Kijana akarudi polepole. "Gogo hili vusheni. Matawi hayatoki humu, hata ya kuni. Na hapa ulipokuwa mti, mtapanda mingine kabla hamjashuka."

"Hiyo tungefanya hata bila wewe, mwanangu."

"Basi fanyeni nikiona."

Alishika kamba pamoja nasi. Gogo likalala juu ya korongo, tukaziba pembeni kwa udongo na majani ya migomba tuliyopanda nayo, mkuu akafungua maji. Yakavuka.

"Leo aanze mgeni," akasema akininyooshea kidole.

Nilishuka nikiandamana na maji yangu. Yalikuwa yakienda kama mnyama anayenusa, yakisukuma majani makavu mbele, yakisita, yakijaa, yakiendelea. Vyura sijui walitoka wapi. Nilipokata ukingo kwa jembe, udongo wangu ulitoa sauti ya mtu anayekunywa. Nikaketi palepale nilipokata, nikiyawaza yalivyotoka kwenye ule mwamba mpaka kwangu.

Mke wangu alikuwa kwenye migomba, matope mpaka magotini.

"Inuka," akasema. "Unaziba maji."