Fonie ya Baba

Asubuhi moja baba alikuwa juu ya paa akikaza waya wa redio, na mama chini alimfokea kwamba mabati yakitoboka hatayaziba yeye. Askari walikuwa wamegeuza shule yetu kambi, kwa hiyo baba, ambaye alikuwa mwalimu wa darasa la tatu, alitufundishia nyumbani, huko kwetu Fizi, mashariki ya Kongo. Redio ya mjini ilitoa masomo kila asubuhi. Mwanamke alisoma sentensi ya Kifaransa, baba akainua kidole, nasi tukairudia: mimi, wadogo zangu na watoto wa majirani.

Waya huo ulitoka paani hadi kwenye mti wa parachichi. Baba alitania kwamba sasa naye ana fonie, ile mitambo ambayo askari na waasi hutumia kuzungumza kutoka mlima hadi mlima. Jina likashika. Watoto walipoulizwa njiani wanakwenda wapi, walijibu, "Kwa fonie."

Jirani yetu, Shemasi Yakobo, alicheka kuliko wote. Wanawe wawili walisoma kwetu, na betri mara nyingi alileta yeye. Aliishika redio ile kwa mikono yake. Alijua kwamba ilisikiliza tu, haikuweza kusema na mtu.

Siku moja askari walikuja katikati ya somo.

Wana wa Yakobo hawakuwapo siku hiyo.

"Fonie iko fasi gani?" mkubwa wao aliuliza.

Baba alimwonyesha redio. Yule askari aliutazama waya, akaufuata kwa macho hadi mtini, kisha akamwamuru baba atangulie.

"Endeleeni," baba alituambia.

Tuliendelea kurudia sentensi mpaka somo likaisha. Hatukumwona tena.

Mama alikimbia kwa Yakobo kumwomba akawashuhudie askari kwamba ile ni redio tu. Ng'ombe wake, ambao askari walikuwa wamewachukua juma lililotangulia, walikuwa wamerudi zizini. Yakobo hakuinua macho. Kikulacho ki nguoni mwako. Chetu kilikuwa kinatuletea betri.

Tulivuka ziwa, tukahama kambi hadi kambi, mwisho tukafika Nakivale, kambi ya wakimbizi nchini Uganda. Mama amezikwa hapa Rubondo, mtaa mmoja wa kambi hii. Nami nimeolewa hapa, na wanangu nawafundisha mlangoni kwa ubao, kwa sababu shule iko mbali na madarasa yamefurika. Watoto wa majirani huja pia. Watu hushangaa kwamba sina redio.

Mwaka jana nilimpeleka binti yangu hospitali Mbarara. Kwenye benchi la kusubiri, mzee mmoja aliniita kwa jina langu la utotoni. Nilimtambua kabla hajamaliza.

"Askari baliniuliza kama kuko fonie," Yakobo alisema. "Nilisema tu vile banatoto balikuwa banaita."

"Ulijua maana yake kwao."

"Nilijua."

Nilitaka kumtemea mate. Nimemchukia mtu huyu zaidi kuliko wale askari, maana wao hawakuwahi kula ugali wa mama yangu. Naye akaongeza, kwa sauti ya chini, "Bajukuu bangu beko pale Rubondo. Banatoto ni mingi sana mu klasi. Bakuje kwako?"

Jina la binti yangu liliitwa, nikainuka.

Wiki iliyofuata walikuja, msichana na mdogo wake, wamebeba redio mpya ndani ya kitenge. "Babu anasema ni ya mwalimu," msichana alisema.

Watoto niliwakalisha mbele, karibu na ubao. Redio niliifunga tena katika kitenge kile, wakarudi nayo.

Bado wanakuja. Msichana ana sikio zuri la Kifaransa, hurudia sentensi kabla sijainua kidole, nami hufurahi na kuumia papo hapo. Juzi nilimsikia jirani akimuuliza anakwenda wapi.

"Kwa mwalimu," alijibu.

Neno fonie halijui. Sijamfundisha. Hilo babu yake atamfundisha mwenyewe, kama ana moyo.